Kodi ya Nyumba na Nauli: Mfuko ni Mmoja

Mwisho wa mwezi ukifika katika mitaa yetu ya Eastlands, kila mtu anaongea juu ya kodi ya nyumba. Keateka anapita mlango kwa mlango na daftari lake, simu zinalia, na wale ambao hawajapata wanarudi nyumbani usiku wa manane ili wasikutane naye kwenye ngazi. Kodi ina siku yake, na kila mtu anaiogopa. Nauli haina siku. Inatoka kidogo kidogo, hamsini asubuhi, themanini jioni, mia mvua ikinyesha, na kwa sababu hiyo wengi wetu hatuihesabu kabisa. Katika toleo hili tumeonelea tuzungumze juu ya hizi mbili kwa pamoja, kwa maana zinatoka katika mfuko mmoja, na familia inayohama kwa kuangalia moja tu huenda ikajikuta pabaya.

HESABU YA MTU WA KAMULU

Siku hizi watu wengi wanatoka Kayole, Umoja na Dandora na kuhamia Ruai, Kamulu, Joska na hata Malaa, kule mbele katika barabara ya Kangundo. Sababu zao ni nzuri. Huko kuna nafasi, watoto wanapata mahali pa kuchezea, na pesa ambazo mtu angelipa kwa chumba kimoja karibu na mjini zinaweza kumpatia viwili. Wengine wamenunua kiploti kupitia chama au sacco na wanajenga pole pole, mawe leo, mabati mwaka ujao. Hatuwezi kuwalaumu hata kidogo.

Lakini tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa baba anayefanya kazi ya mikono katika kiwanda huko Industrial Area, naye analipwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria. Kiwango kilichowekwa Novemba 2024 kwa kibarua wa kawaida wa Nairobi kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, kabla ya kuongeza marupurupu ya nyumba. Tuseme anakaa Mukuru, analipa kodi ya shilingi 4,500 na anakwenda kazini kwa miguu. Kodi na nauli yake ni 4,500 basi.

Sasa tuseme amehamia Kamulu na amepata nyumba ya shilingi 4,000. Anafurahi kwa kuwa amepunguza mia tano na ameongeza chumba. Asubuhi anapanda matatu kwa shilingi 100, jioni 100. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 5,200. Ukijumlisha na kodi unapata 9,200, yaani zaidi ya mara mbili ya ile aliyokuwa akitoa Mukuru. Nauli peke yake imekula karibu theluthi moja ya mshahara, tena imeipita kodi!

Na hapo hatujamtaja mama, ambaye pengine anauza mboga na ni lazima afike Muthurwa au Marigiti kabla jua halijachomoza, arudi na gunia linalolipiwa nauli yake kando. Hatujamtaja mtoto aliyebaki katika shule yake ya zamani. Wala hatujazungumza juu ya saa za kulala, maana mtu wa mbali anaamka saa kumi na kurudi saa tatu usiku, na watoto wanamwona baba Jumapili tu.

Takwimu hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Chukua karatasi, andika majina ya wote wa nyumba yako wanaotoka kila siku, mbele ya kila jina andika nauli ya kwenda na ya kurudi, zidisha kwa siku za mwezi, halafu ujumlishe na kodi, maji na stima. Hiyo ndiyo bei ya nyumba. Na uandike nauli ya jioni, si ile uliyotozwa siku ulipokwenda kuangalia nyumba. Watu huenda kuangalia nyumba Jumapili mchana, wakati ambapo makanga anabembeleza abiria na kuwafungulia mlango kama wageni wa harusi. Nenda Jumatatu saa kumi na mbili jioni, tena kukiwa na mawingu, ndipo utajua unahamia wapi.

ILIVYOTOKEA TUKAWEKWA MASHARIKI

Inafaa kukumbuka kwamba watu wa kwanza wa Eastlands hawakuwa na shida hii ya nauli kwa kiwango hiki. Wakati wa ukoloni Waafrika waliwekwa upande huu wa mji kwa makusudi. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kariokor ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo, kisha Shauri Moyo. Shirika la reli lilijenga Muthurwa na Makongeni kwa wafanyakazi wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja Kaloleni, Ziwani, Bahati, Mbotela, Ofafa na nyinginezo. Mzungu alibaki magharibi kwenye udongo mwekundu na miti, sisi tukapewa udongo mweusi unaonata viatuni. Vyumba vilikuwa vidogo, vingi vilijengwa kwa mtu mmoja mwanamume, kwa vile serikali ile ilimhesabu mfanyakazi kama mgeni ambaye siku moja atarudi kwao.

Huo ulikuwa ubaguzi, na hatuwezi kuupamba. Ila jambo moja walilihesabu kwa faida yao, na sisi tukalirithi: mitaa ile iko karibu na kazi. Mtu wa Kaloleni au Makongeni anaweza kuvuka reli na kuwa ndani ya Industrial Area kwa miguu. Mtu wa Shauri Moyo anafika Gikomba kabla chai haijapoa.

Baada ya uhuru mji ulisonga mbele zaidi. Katika miaka ya 1970 ilijengwa Buruburu kwa wenye mishahara ya ofisini, ikajengwa Umoja, na mwaka 1975 ukaanza mradi wa Dandora uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambapo ploti 6,000 zilipangwa ziwe na maji, choo na bafu, mwenyewe amalizie vyumba. Wazo lilikuwa zuri. Lakini waliopewa ploti wengi waliona ni afadhali kujenga vyumba vya kupangisha, na wengine waliuza kabisa. Mradi wa wenye nyumba ukageuka kuwa mtaa wa wapangaji, na ndivyo Nairobi ilivyo hadi leo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu familia tisa katika kila kumi za jiji hili zinapanga.

Nafasi ilipokwisha chini, watu walianza kujenga kwenda juu. Huruma, Pipeline na Tassia kuna gorofa za vyumba kimoja kimoja ambazo mtu wa chini haoni jua. Nyingine zilijengwa bila ya kufuata plani yoyote. Tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, gorofa moja ya Huruma iliyokuwa kando ya mto ilianguka na kuua watu karibu 50. Waliokuwa ndani walikuwa wapangaji wa kawaida tu, waliochagua pale kwa sababu bei ilikuwa sawa na mjini si mbali.

MAPENI MATATU

Zamani usafiri wa mji huu ulikuwa wa kampuni moja, Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934. Kuanzia 1966 baraza la jiji lilikuwa na hisa robo moja ndani yake, na kampuni hiyo ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kubeba watu. Wenye magari madogo walikuwa wakibeba abiria kwa kujificha na kutoza mapeni matatu, yaani senti thelathini, na ndipo jina la matatu lilipotoka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba wasisumbuliwe tena. Kuanzia hapo matatu zikaongezeka, na mashukuru yetu kwao ni ya kweli, kwa maana basi halikuwa linafika ndani ya Kayole wala Kariobangi inavyotakiwa.

Serikali ilijaribu tena mwaka 1986 kwa mabasi ya Nyayo, ambayo nauli yake ilikuwa nafuu, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha, mengine yakiota majani kwenye depo. Kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilinunua Kenya Bus mwaka 1991 ikaondoka mwaka 1998. Basi likawa limetuachia matatu peke yake. Mwaka 2004 zilikuja sheria za waziri John Michuki, za mikanda na vidhibiti mwendo, na nissan iliyokuwa ikibeba watu 18 ikabeba 14. Usalama uliongezeka. Nauli nayo ilipanda, na hakuna aliyeulizwa ni nani atakayelipia ile tofauti.

Jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawalijui ni hili: hapa Kenya hakuna ofisi yoyote inayopanga nauli ya matatu. Bei ya petroli inapangwa, na inatangazwa na mamlaka ya kawi tarehe 14 ya kila mwezi. Septemba 2023, miezi miwili baada ya ushuru wa mafuta kuongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi, ikawa 211 na senti. Nauli ilipanda asubuhi yake. Bei ya mafuta iliposhuka baadaye, ni wangapi kati yetu tuliona nauli ikirudi ilikotoka?

Wenzetu wa Tanzania wana njia nyingine. Kule nauli ya daladala inapangwa na mamlaka ya serikali iitwayo LATRA, inaandikwa na kutangazwa, na mwanafunzi ana nauli yake ya chini. Hatusemi kwamba mambo yao yote ni mazuri. Konda wa Dar es Salaam humkwepa mwanafunzi kwa sababu hiyo hiyo ya nauli ndogo, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yana msongamano ambao kila mtu ameusikia. Lakini mama wa Mbagala akionewa ana karatasi ya kuonyesha. Mama wa Kayole ana nini, isipokuwa kushuka na kungojea gari lingine?

Treni ndiyo nafuu tuliyo nayo. Ile ya kwenda Embakasi Village, ile ya Syokimau iliyopata stesheni mpya mwaka 2012, na ile ya Ruiru, zote zina jambo moja zuri sana: nauli haipandi kwa sababu ya mawingu. Taabu yake ni kwamba safari ni chache, nyingi za asubuhi na jioni, na kwa mtu wa Kayole au wa Komarock stesheni iko mbali hata ikabidi apande matatu ili afikie treni. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, tunaiona tukiwa chini yake.

NYUMBA ZA SERIKALI NA MAHALI ZILIPO

Sasa tuje kwa nyumba za bei nafuu. Kila mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Makato hayo yalianza 2023, mahakama kuu ikayakataa Novemba mwaka huo, kisha bunge likapitisha sheria mpya iliyotiwa sahihi Machi 2024. Yule baba wetu wa shilingi 16,113 anatoa kama shilingi 240 kila mwezi. Kwa hivyo ana haki ya kuuliza.

Katika maoni yetu, mradi wa Mukuru, kando ya Enterprise Road, umepangwa mahali panapofaa. Nyumba zilizopangwa kujengwa pale ni 13,248, na Mei 2025 Rais William Ruto alitoa funguo za zile 1,080 za kwanza. Mtu akipata pale, anakwenda kiwandani kwa miguu kama jirani zake waliobaki kwenye mabati. Nyumba ile ile ikijengwa Kangundo Road na kuuzwa kwa bei ile ile, kwake ni ghali zaidi kwa zile shilingi 5,200 tulizozihesabu. Wakubwa wanapotangaza miradi wanataja idadi ya nyumba na bei. Hatujazoea kusikia wakitaja nauli.

Wasiwasi wetu mkubwa uko katika mitaa ya zamani. Makongeni wakazi walihamishwa mwaka 2025 ili nyumba mpya zijengwe, na mitaa ya kaunti kama Kaloleni, Jericho na Bahati imo katika mazungumzo ya namna hiyo kwa miaka mingi. Ni kweli nyumba zile zimechakaa. Mabomba yameoza, na vibanda vya mabati vimejazana katikati. Lakini aliyekaa Makongeni miaka thelathini, akipewa pesa ya kuhama, atapata wapi nyumba ya kodi kama ile? Atapelekwa mbali na bei za soko, na fidia itaisha kwenye steji. Tunakumbuka wakazi wa Muthurwa, ambao nyumba zao zilianza kubomolewa mwaka 2010 wakiwa ndani. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 mahakama kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, kwa kutegemea kifungu cha 43 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na anayoweza kuifikia. Neno hilo la kuifikia, tunaomba lisomwe pia kwa maana ya miguu na matatu.

Kwa wale wanaoishi katika vyumba vya bei ya chini kabisa, kuna sheria ambayo haijafa ingawa imesahauliwa. Sheria ya kudhibiti kodi inasimamia nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilikuwa cha watu wa kati zamani zile, leo hakitoshi hata bedsita ya Umoja, na ni aibu kwamba hakijabadilishwa. Lakini vyumba vya mabati vya Korogocho na Mukuru bado vimo chini yake. Mwenye nyumba wa chumba kama hicho haruhusiwi kumtoa mpangaji, kung'oa mlango au kuweka kufuli bila ya amri ya baraza la kodi. Weka risiti zako. Kama unalipa kwa M-Pesa usifute zile ujumbe.

WANAOPITA NJIANI KWA MIGUU

Kuna kundi kubwa ambalo halizungumzwi, nalo ni la wanaotembea. Simama saa kumi na moja na nusu alfajiri penye reli karibu na Makadara, au Lunga Lunga, au kwenye Jogoo Road, utaona umati ukienda kimya, wengine wakiwa wamebeba viatu vya kazi kwenye mfuko wa karatasi. Hao ndio wamekataa kulipa kodi mbili. Wamechagua chumba kidogo na hewa mbaya ili miguu iwe nauli yao.

Kwao, taa ya barabarani ni usafiri wa umma. Daraja dogo la kuvukia mto Ngong ni usafiri wa umma, na vivyo hivyo njia iliyotiwa changarawe ambayo maji hayatuami. Gharama ya mambo haya ni ndogo ukiilinganisha na barabara ya magari. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itakwenda kwao. Ahadi hiyo imeandikwa, na mtu yeyote anaweza kuitaja katika mkutano.

Na mikutano ipo. Kwa kawaida kaunti hupeleka makadirio yake ya bajeti kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, nayo huidhinishwa kabla ya mwisho wa Juni. Katikati hapo wananchi wanaitwa kutoa maoni, mara nyingi kwa tangazo dogo gazetini na katika ukumbi ambao unajazwa na vijana walioletwa na wanasiasa. Vikundi vyetu viende mapema, vikae mbele, vitume mtu mmoja wa kusema na mwingine wa kuandika yaliyojibiwa. Waulize taa ngapi zimetengewa pesa katika wadi yao, na ziko njia gani. Wa Jericho na Kaloleni waulize, nyumba zikibomolewa, wakazi watakaa wapi kwa miaka ya ujenzi, na katika hesabu ya fidia nauli ya kila siku kutoka huko imeandikwa kwenye ukurasa gani.